Shajara ya mradi: ishara ileile, saa tofauti katika gamba la ubongo

Wiki ya 1

Mradi huu umetokana na swali ambalo limenishughulisha tangu nilipoanza kusoma habari za ukuaji wa ubongo. Katika kiinitete cha panya, ukuta wa ubongo wa mbele huanza ukiwa safu ya seli tangulizi (seli zinazogawanyika na kuzaa seli nyingine) zinazofanana, zilizosimama wima na kuuzunguka uwazi wenye majimaji. Kisha, tangu takribani siku ya 11 ya mimba hadi siku ya 17, katika mimba inayodumu siku 19 hivi, ukuta huohuo huzalisha niuroni za kusisimua za gamba la ubongo, tabaka baada ya tabaka, na baada ya hapo hugeuka na kuanza kuzalisha seli za glia, ambazo huzitegemeza niuroni. Jeni za seli hizo hazibadiliki kati ya siku ya 11 na ya 17. Ishara zinazozifikia nazo si nyingi: Notch, Wnt, BMP, FGF, Shh na nyingine chache, na zote hizo hutumiwa pia na mwili kujenga moyo, mifupa, ngozi na utumbo.

Ishara chache kiasi hicho zinawezaje kutoa maagizo mengi kiasi hicho? Dhana ninayotaka kuipima ni kwamba agizo halimo ndani ya ishara peke yake, bali katika saa ambayo seli inaipokea na hali iliyo nayo seli saa hiyo. Si dhana mpya, na sidai kwamba ni yangu; ninachotaka ni kuiandika kwa milinganyo, niiendeshe kwenye kompyuta, na kuona ni wapi inasimama na ni wapi inaanguka. Sifanyi jaribio lolote kwa mnyama. Vipimo vyote vya viumbe hai nitavichukua kwenye kazi zilizokwisha kuchapishwa, na panapokosekana kipimo nitajaribu thamani nyingi badala ya kuchagua moja inayonipendeza.

Wiki ya 2

Nimeandika sehemu ya Notch. Jina hilo lilitokana na nzi wa matunda waliokuwa na mapengo kwenye kingo za mbawa, ambao walichunguzwa katika maabara ya Thomas Hunt Morgan mwanzoni mwa karne ya 20, muda mrefu kabla mtu yeyote hajajua kwamba jamaa wa jeni iliyowaharibikia nzi wale ndio wanaoamua, katika ubongo wa mamalia, ni seli ipi itakuwa niuroni na ipi itaendelea kugawanyika.

Kipokezi cha Notch hukaa katika utando wa seli, sehemu yake moja ikiwa nje na nyingine ndani. Seli jirani inapokuwa na protini ya Delta juu ya utando wake, na katika ubongo wa panya hasa ile iitwayo Dll1, protini hizo mbili hushikana. Delta inapovutwa kurudi ndani ya seli yake, mvuto huo hufichua mahali pa kukatia kwenye Notch. Vimeng'enya viwili hukata kwa zamu, cha mwisho kikiwa gama-sekretezi, kisha kipande cha ndani cha Notch huachiliwa, huingia katika kiini cha seli, hujiunga na protini ya RBPJ na kuziwasha jeni za Hes1 na Hes5. Kazi ya Hes1 na Hes5 ni kuzima: huzizuia jeni kama Ngn2 na Ascl1, ambazo ndizo zinazoisukuma seli kuwa niuroni. Na Ngn2 na Ascl1 hizohizo ndizo zinazoiwasha Dll1. Kwa hiyo seli inayoelekea kuwa niuroni huzidisha Dll1 juu ya utando wake, na kwa Dll1 hiyo humzuia jirani asiifuate.

Naona uzuri wa pekee katika jambo moja la njia hii. Njia nyingi za ishara hupitisha ujumbe kwa mkono hadi mkono, na kila mkono huukuza ujumbe; katika Notch mjumbe ni kipande cha kipokezi chenyewe, na kipokezi kikishakatwa hakitumiki tena. Mguso mmoja, kipande kimoja. Ndiyo maana kiasi cha Notch kina uzito mkubwa sana kwa seli, na ndiyo maana pia milinganyo yake inaandikika bila kubahatisha hatua nyingi za kati.

Jaribio la kwanza la modeli halikutoa kitu. Nilipanga seli 400 katika gridi, nikaiendesha programu, na seli zote zikabaki sawa kabisa hadi mwisho. Nilitumia siku mbili nikitafuta kosa katika msimbo, nikaja kugundua kwamba msimbo ulikuwa sahihi na aliyekosea ni mimi: nilikuwa nimezianzisha seli zote kwa thamani ileile. Seli zinazofanana kabisa, zikizuiana kwa nguvu zilezile, hazina sababu ya kuachana. Nilipotia tofauti ndogo za nasibu mwanzoni, tofauti hizo zilikua zenyewe, na baada ya muda gridi ikajaa madoa: seli moja yenye Delta nyingi, imezungukwa na seli zenye Notch iliyowaka.

Wiki ya 3

Madoa yale yalinifurahisha kwa siku moja, kisha nikaanza kuyatilia shaka. Katika modeli yangu seli huamua mara moja na haibadiliki tena, ilhali katika gamba la ubongo seli tangulizi hukaa siku nyingi zikigawanyika, na niuroni hutolewa kidogo kidogo. Ukiziacha seli ziamue zote kwa mkupuo mmoja, unapata niuroni za mapema tu, na akiba ya seli tangulizi inakwisha kabla tabaka za juu hazijajengwa. Hilo si la kufikirika: panya waliokosa Hes1 na Hes5 hupata niuroni kabla ya wakati, na akiba yao ya seli tangulizi huisha mapema. Vivyo hivyo, dawa inayoizuia gama-sekretezi, ikiwekwa kwenye seli tangulizi katika maabara, huzifanya zikimbilie kuwa niuroni.

Modeli yangu, basi, inaeleza namna ya kutofautiana lakini haielezi namna ya kusubiri. Nimeandika sentensi hii kwenye karatasi na kuibandika mbele ya meza.

Wiki ya 5

Jibu la kusubiri limo katika kazi iliyofanywa Kyoto na kundi la Ryoichiro Kageyama. Mwaka 2002 walionyesha kwamba katika seli zilizokuzwa maabarani, kiasi cha Hes1 hakitulii mahali pamoja, bali hujaa na kupwa kama bahari, duru moja ikichukua muda wa saa 2 hivi. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba hali hiyo imo pia katika seli tangulizi za ubongo wa panya, kwa duru za saa 2 hadi 3, na kwamba Ngn2 na Dll1 nazo hupanda pale Hes1 inaposhuka. Kumbe picha za zamani, ambazo zilionyesha seli nyingine zikiwa na Hes1 na nyingine hazina, hazikuwa lazima picha za seli za aina mbili. Zingeweza kuwa picha za seli za aina moja, zilizopigwa nyakati tofauti za duru.

Chanzo cha kujaa na kupwa huko ni chepesi kueleza. Protini ya Hes1 huizima jeni yake yenyewe. Lakini kati ya jeni kuwaka na protini kuwa tayari kuizima pana kazi ya kufanywa: jeni inakiliwe, RNA yake ikatwe na kuunganishwa, itoke kwenye kiini, itafsiriwe kuwa protini, na protini irudi ndani. Kazi hiyo yote inachukua muda, na katika muda huo jeni inaendelea kuwaka, kwa hiyo protini hufurika kupita kiasi kabla ya kizuizi kufanya kazi. Kisha, kwa kuwa RNA na protini hiyo haziishi muda mrefu (kila moja hupungua hadi nusu katika muda wa dakika 20 na kitu), kizuizi huondoka haraka, na jeni huwaka upya.

Nimeyaongeza mambo hayo mawili katika modeli, Hes1 kujizima na kuharibika haraka, kwanza bila ukawiaji. Hes1 ilipanda, ikashuka kidogo, ikatulia. Nilipotia ukawiaji wa dakika 20 hivi kati ya kunakili na kuzuia, mawimbi yakatokea na hayakufa tena, kwa duru ya takribani saa 2. Nick Monk alionyesha jambo hili kwa hesabu mwaka 2003, na sikutarajia matokeo mengine. Hata hivyo, kuliona wimbi likisimama kwenye skrini kwa sababu ya mstari mmoja wa ukawiaji kulinipa imani ambayo kusoma tu hakukunipa.

Kisha nikarefusha maisha ya protini. Hapo mawimbi yakafifia hadi yakazimika. Jambo hili lina ushahidi wake kwa mnyama hai, ingawa si katika ubongo: Hes7, ndugu wa Hes1, huongoza saa inayokata pingili za uti wa mgongo, na panya ambao protini yao ya Hes7 ilibadilishwa ili ipungue hadi nusu kwa dakika 30 badala ya 22 walivurugikiwa na pingili zao. Dakika nane tu! Nimerudi mara nyingi kwenye takwimu hiyo wiki hii, kwa sababu inaonyesha kwamba kasi ya protini kuharibika ni sehemu ya ujumbe kama ilivyo kasi ya kutengenezwa kwake.

Wiki ya 6

Nimesoma tena jaribio la mwaka 2013 la kundi hilohilo, ambalo kwangu ndilo nguzo ya mradi. Waliitengeneza Ascl1 iweze kuwashwa kwa mwanga wa bluu ndani ya seli tangulizi. Walipoimulika seli kwa vipindi, wimbi moja kila saa 3, seli iliendelea kugawanyika. Walipoimulika ili Ascl1 ikae juu bila kushuka, seli iligeuka kuwa niuroni. Protini ni ileile na seli ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wake katika muda. Ascl1 inayopanda na kushuka huiambia seli izaliane, na Ascl1 inayodumu huiambia ikome.

Kwa hiyo nimefuta kanuni yangu ya zamani, iliyosema kwamba seli huwa niuroni pindi Ngn2 inapovuka kiwango fulani. Kanuni mpya inadai Ngn2 au Ascl1 ikae juu ya kiwango kwa muda mrefu kuliko duru moja.

Wiki ya 8

Kuziunganisha seli kumekuwa kugumu kuliko nilivyopanga. Kila seli sasa ina saa yake, na saa hizo husikilizana kupitia Dll1 na Notch. Lakini ujumbe wa Dll1 nao hukawia, kwa kuwa lazima jeni inakiliwe, protini ifike kwenye utando, jirani aguswe, Notch ikatwe. Ukawiaji huu wa pili ukiwa wa kadiri fulani, majirani hupokezana vizuri: mmoja akijaa, mwingine anapwa. Nikiufupisha mno au kuurefusha mno, mawimbi hunyauka katika gridi nzima na kila seli hutulia katika kiwango cha kati.

Nilidhani huo ni udhaifu wa modeli, mpaka nikakuta kwamba wapo panya ambao jeni yao ya Dll1 ilifupishwa au kurefushwa ili ujumbe wake uwahi au uchelewe. Katika panya hao mawimbi ya Dll1 yalififia, pingili za uti zikashikamana, na ubongo ukawa mdogo. Kiasi cha Dll1 hakikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa saa yake ya kufika.

Wiki ya 10

Hadi sasa saa zote nilizozishughulikia ni za masaa. Lakini gamba la ubongo lina saa nyingine, ya siku, na bila hiyo modeli yangu hutoa niuroni za aina moja daima. Mfano ulio wazi kuliko yote ni BMP. Mwanzoni kabisa, kabla mfumo wa neva haujaanza, BMP huielekeza tabaka ya nje ya kiinitete kuwa ngozi, na ili ubongo uwepo ni lazima protini kama Nogini na Kodini ziizuie. Baadaye kidogo, BMP hiyohiyo ikizifikia seli tangulizi za gamba, huzisaidia kuwa niuroni. Mwishoni mwa ujauzito, ikizifikia seli za ukuta uleule, huzifanya ziwe astrosaiti, aina mojawapo ya glia.

Wnt nayo hubadilika hivyo. Mwaka 2002 Anjen Chenn na Christopher Walsh walitengeneza panya ambao beta-katenini yao, mjumbe wa Wnt, ilikuwa haivunjwi. Seli tangulizi zao ziliendelea kugawanyika hata gamba likatanuka na kufanya mikunjo, jambo ambalo gamba laini la panya halina. Ila Wnt ikitiwa kwa seli tangulizi zilizokwisha kukomaa zaidi, huiwasha Ngn1, ndugu wa Ngn2, na kuzisukuma kuwa niuroni.

Kwa BMP, utaratibu wa kubadili maana unajulikana vizuri kiasi cha kuandikika. Ndani ya seli, BMP huiamsha protini ya Smad1, na ishara nyingine, za familia ya LIF, huiamsha protini ya STAT3. Ili jeni za astrosaiti ziwake, Smad1 na STAT3 zinahitaji kuunganishwa na protini kubwa ya p300. Lakini Ngn1 ikiwepo kwa wingi, huinyakua p300 pamoja na Smad1 na kuzipeleka kwenye jeni za niuroni. Maadamu Ngn1 ipo, BMP hunena habari za niuroni. Ngn1 ikipungua, BMP hunena habari za glia. Kuna pia kufuli la pili: mahali pa STAT3 pa kushika kwenye jeni ya GFAP, ambayo ni alama ya astrosaiti, pamefungwa kwa alama za methili katika siku za mwanzo, na hufunguliwa baadaye.

Nimeitia p300 katika modeli kama kitu chenye kiasi maalumu kinachogombewa na pande mbili. Hii ndiyo sehemu ya modeli ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa hakuna mahali popote nilipoandika kwamba BMP ibadili maana. Naiacha BMP ileile, kwa kiwango kilekile, tangu mwanzo hadi mwisho. Ngn1 inapopungua, matokeo hugeuka yenyewe, na hugeuka kwa ghafla, si polepole.

Wiki ya 11

Nilitaka kuiongeza Rilini, nikaamua nisiiongeze kwa sasa. Mwaka 1951 Douglas Falconer alieleza habari za panya waliokuwa wakiyumba. Jeni yao ilipopatikana mwaka 1995 ikaonekana ni ya protini inayotolewa na seli za Cajal-Retzius zilizo karibu na uso wa gamba. Kwa kawaida niuroni zilizozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia na kukaa juu yake. Rilini ikikosekana, mpangilio huo karibu hupinduka. Jambo hili ni la mahali niuroni inapokwenda kukaa, na modeli yangu haina kimo, ina upana tu. Nikiichanganya sasa nitavuruga hesabu ya wakati kabla sijaimaliza.

Kwa sababu hiyohiyo nimeiacha netrini, protini inayoongoza aksoni (mkia mrefu wa niuroni) zinapokua, japo inanivuta. Mwaka 1997 maabara ya Mu-ming Poo ilionyesha kwamba koni ya ukuaji, yaani ncha ya aksoni inayokua, inayovutwa na netrini hugeuka na kuikimbia netrini ileile, AMP ya mviringo (molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli) ikipunguzwa nguvu. Hata katika safari ya aksoni, basi, msikilizaji ndiye mwenye nusu ya ujumbe.

Wiki ya 12

Nimepata mwelekeo mpya kutoka kwa jaribio la Susan McConnell na Catherine Kaznowski la mwaka 1991. Walichukua seli tangulizi za fereti (mnyama wa jamii ya kicheche) mchanga wakati ambapo zilikuwa zikijiandaa kutoa niuroni za tabaka za chini, wakazipandikiza katika ubongo wa fereti mkubwa zaidi, uliokuwa ukijenga tabaka za juu. Seli zilizohamishwa zikiwa katika kunakili DNA yake zilifuata mazingira mapya na kwenda juu. Zilizohamishwa baadaye katika duru hiyohiyo ya kugawanyika zilishika agizo la zamani na kwenda chini. Seli, kwa maneno mengine, haisikilizi ishara muda wote. Ina saa ndani ya duru yake ambapo mlango uko wazi.

Modeli yangu haikuwa na duru ya kugawanyika kabisa. Nimeiandika upya tangu mwanzo, kazi iliyochukua wiki nzima, na sasa kila seli hupitia hatua zake kabla ya kugawanyika, na Notch husikika katika sehemu tu ya hatua hizo.

Wiki ya 14

Takahashi, Nowakowski na Caviness walipima katika miaka ya 1990 kwamba seli tangulizi za gamba la panya hupitia duru 11 za kugawanyika katika siku zile sita za kuzaliwa kwa niuroni, na kwamba duru hizo hurefuka, kutoka saa 8 hivi mwanzoni hadi saa 18 hivi mwishoni. Karibu muda wote unaoongezeka huangukia katika hatua ya kwanza ya duru, ile inayotangulia kunakili DNA, ambayo hukua kutoka takribani saa 3.3 hadi saa 12.4.

Nilizisoma takwimu hizo mara ya kwanza wiki ya 1 na kuziandika pembeni bila kuzitilia maanani. Leo nimeziweka karibu na duru ya Hes1, ya saa 2 hadi 3, na nikanyamaza kwa muda. Katika siku ya 11, hatua ya kwanza ni fupi kiasi kwamba seli hupata nafasi ya wimbi moja la Hes1, au moja na nusu, kabla haijalazimika kuendelea. Katika siku ya 17 hupata mawimbi manne hadi sita. Kila wimbi linaposhuka, Ngn2 hupata mwanya wa kupanda, na kila mwanya ni nafasi ya Ngn2 kupanda na kukataa kushuka tena. Seli inayogawanyika haraka ina mwanya mmoja wa kuondoka. Inayogawanyika polepole ina minne au zaidi, hata kama hakuna ishara yoyote iliyoongezwa nguvu.

Usiku huu ninaiendesha modeli mara mbili kwa thamani zilezile za Notch, Wnt na BMP. Mara ya kwanza hatua hiyo ya kwanza imefungwa kwenye saa 3.3 hadi mwisho. Mara ya pili imeachwa irefuke kama ilivyopimwa. Nitahesabu idadi ya niuroni zinazotoka katika kila moja ya duru 11 hizo, na nitaangalia hasa duru za 7 hadi 9, ambapo kiinitete halisi huanza kutoa niuroni nyingi kuliko seli tangulizi kinazobakiza.